Daftari la mgongo: namna ya kujipima mwenyewe miaka mingi baada ya kuumia uti

Mimi ni fundi pasi. Kabla ya hapo nilikuwa mkwezi wa minazi huku Pangani, mpaka siku moja ya mwaka 2006 nilipoanguka nikavunjika pingili ya tano ya kifua. Nilipelekwa Dar es Salaam, nikawekewa vyuma viwili virefu na skrubu zake, nikarudi nyumbani na kiti mwendo. Toka siku hiyo, kuanzia chini kidogo ya chuchu sisikii kitu.

Fundi pasi ana tabia yake. Pasi ikishashika moto analowesha kidole kidogo kwa mate, anagusa bamba haraka, chwaa, anajua joto limefika. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka 10. Asubuhi moja ya mwaka 2019 niligusa bamba, chwaa nikaisikia kwa masikio, lakini kidole hakikuniambia neno. Nikagusa tena. Mke wangu ndiye aliyeona lengelenge limeshatuna. Nikasema ni sugu za kazi. Nilikaa na maneno hayo miezi 7, na ile miezi 7 ndiyo inayonifanya niandike haya.

Nilipotoka hospitali mwaka 2006 niliambiwa mgongo umeunga. Ni kweli, mifupa iliunga. Lakini mgongo una vitu viwili: kuna pingili za mifupa, na ndani ya pingili unapita ugwe, ule mshipa mkuu wa fahamu unaoteremka kutoka kwenye ubongo. Pale ugwe ulipopondeka hubaki kovu. Kovu hilo huweza kugandana na utando unaouzunguka, na yale maji yanayouogesha ugwe yakakosa njia ya kupita vizuri. Baada ya muda maji hujipenyeza ndani ya ugwe wenyewe na kuchimba shimo refu kama bomba. Madaktari huliita siringomielia, mimi naliita kifuko cha maji. Kinaweza kuanza miezi michache baada ya ajali, na kinaweza kungoja hata miaka 20 au 30. Wanaofikia kuumwa nacho si wengi, ni watu wachache katika kila 100 walioumia ugwe. Lakini kikipanda juu kinakula kile tulichobakiwa nacho, na kwa mtu anayekula kwa mikono yake, anayejihamisha kwa mikono yake na kusukuma kiti kwa mikono yake, mkono ndio kila kitu.

Basi nunua daftari la shule. Kila mwezi ukiandama, fanya ninayoyaeleza hapa, uandike tarehe na namba. Anza ukiwa mzima, ili siku ukibadilika uwe na cha kulinganisha.

Mstari wako

Kila mmoja wetu ana mahali ambapo kusikia kunaishia. Huo ndio mstari wako, na ni lazima uujue kwa sentimita, si kwa kusema "hapa kifuani." Tafuta tepu ya fundi cherehani, pamba, kijiti cha meno na mtu wa kukusaidia. Mimi hunisaidia binti yangu wa kwanza, maana ana subira kuliko sisi sote nyumbani.

Lala chali, fumba macho. Msaidizi aanze chini, mahali usiposikia, apandishe pamba polepole mpaka utakaposema "hapo." Kisha apime kutoka kile kishimo kilicho chini ya koo, pale mitulinga miwili inapokutana, hadi hapo uliposema. Afanye kulia, afanye kushoto. Baadaye arudie kwa ncha ya kijiti, kwa kugusa tu, asitoboe ngozi. Utapata namba nne. Mimi kwa miaka yote nilikuwa na sentimita 19 pande zote mbili, kwa pamba na kwa kijiti.

Sentimita moja ikipanda au ikishuka isikusumbue, mkono wa mtu haulingani kila siku. Mimi nimejiwekea hivi: mstari ukipanda sentimita 3 au zaidi, na mwezi wa pili ukabaki huko huko, nafunga safari. Wangu upande wa kushoto ulipopimwa kwa kijiti baada ya ile miezi 7 ulikuwa sentimita 11. Kwa pamba ulikuwa bado 18.

Vijiko viwili

Tofauti hiyo kati ya pamba na kijiti ndiyo iliyonipotezea muda. Nyuzi za fahamu zinazobeba habari za joto na za maumivu huvuka katikati ya ugwe kwenda upande wa pili, na kifuko cha maji kwa kawaida huanzia hapo hapo katikati. Nyuzi za mguso mwepesi hupita nyuma, kwa hiyo mwanzoni husalimika. Mtu anabaki anasikia pamba, anasikia kitambaa, anasikia mkono wa mwenzake, lakini moto hausikii. Zahanati ya kwanza niliyokwenda, mhudumu alinishika mkono akaniuliza, "Fundi, unasikia?" Nikasema nasikia. Akaniandikia dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Kwa hiyo usipime mguso peke yake. Chukua vijiko viwili vya chuma. Kimoja kitie kwenye maji ya mtungi, kingine kwenye maji ya vuguvugu ambayo msaidizi ameyapima kwanza kwa kiwiko chake yeye. Yasiwe ya moto, tunapima watu ambao hawasikii kuungua. Aguse shavu lako kwanza kwa kila kijiko ili ujue tofauti yake ilivyo. Kisha, ukiwa umefumba macho, aguse vidole vyote kimoja kimoja, kiganja, upande wa ndani wa mkono mpaka kwapani, mabega, na mgongo wa juu karibu na shingo. Wewe useme "baridi" au "vuguvugu." Asifuate mpangilio, la sivyo utakuwa unabahatisha. Mahali ulipokosea mara tatu, mwambie atie alama ya kalamu kwenye ngozi, mpige picha.

Baada ya vijiko, pima nguvu. Bana kipande cha karatasi kati ya kidole kidogo na kidole cha pete, msaidizi avute. Fanya mkono wa pili. Karatasi ikichomoka kirahisi upande mmoja, andika. Tazama pia nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, ukiwa umeweka viganja pamoja chini ya taa: je, upande mmoja umebonyea? Mimi wa kushoto ulikuwa umebonyea na sikuwahi kuutazama.

Halafu kuna maumivu. Ya kifuko cha maji yalinijia kama moto unaotambaa kutoka bega la kushoto kwenda shingoni, na nikikohoa, nikipiga chafya au nikijikamua chooni yanapiga papo hapo. Jasho likawa linatoka upande mmoja wa uso. Miguu, ambayo kwa kawaida hukakamaa na kurukaruka ninapohama kitandani, ikabadilika tabia. Lakini si kila bega linalouma ni kifuko. Sisi mabega yetu ndiyo miguu yetu, na viungo vya bega huchakaa kwa kusukuma kiti na kujinyanyua. Bega lililochakaa kwa kawaida huuma zaidi unapouinua mkono, na mara nyingi hutulia ukipumzika. Maumivu yasiyojali kama mkono unafanya kazi au umelala, tena yanayokuja pamoja na kupotea kwa joto, hayo ni mengine.

Timazi mlangoni

Mgongo wenyewe nao huhama. Misuli ya kiwiliwili ikishapooza, pingili hazina wa kuzishika, na mwili hulegea polepole upande mmoja mpaka mgongo unapinda. Kila siku unajiona kwenye kioo kile kile, huwezi kuona kupinda kwa nusu sentimita.

Mimi hutumia timazi ya waashi: uzi na kitu kizito mwishoni, unaoning'inizwa kwenye fremu ya mlango. Kaa kifua wazi nyuma ya uzi, mgongo ukimwelekea mpiga picha, mahali pale pale na simu kwenye kimo kile kile kila mwezi. Uzi upite katikati ya shingo. Tazama unaangukia wapi chini. Kisha msaidizi atie vidole kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, kulia na kushoto. Kama kulia vinaingia vidole vitatu na kushoto kimoja, unaegemea. Kagua na makalio baada ya kukaa: ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi zaidi upande mmoja, na isirudie rangi yake ndani ya nusu saa, uzito wote unaangukia mfupa mmoja, na kidonda kiko njiani. Mara nyingi kidonda cha makalio kisichopona, hata kikitibiwa kwa dawa nzuri, chanzo chake ni mgongo uliopinda au mto wa kiti uliokwisha. Badilisheni mto kwanza, kisha mtafute fizio, mtaalamu wa viungo, aitazame namna unavyokaa.

Wazazi wa watoto walioumia ugwe naomba wasome hapa mara mbili. Mtoto aliyeumia kabla hajamaliza kukua karibu kila mara hupinda mgongo anapovunja ungo au kubalehe, kwa sababu mifupa inakua na misuli haishiki. Huyo apigwe picha ya eksirei ya mgongo mzima akiwa ameketi, kila miezi 6 hadi mwaka, hata kama anaonekana yuko sawa.

Sauti iliyodhaniwa ya kiti

Nina rafiki tuliyelala naye wodi moja. Yeye aliumia chini kuliko mimi, ni mtu wa nguvu, anajirusha kutoka kitini hadi kitandani kama mtu anayeruka mtaro. Mwaka wa 11 baada ya ajali alianza kusikia kishindo kidogo, kwach, kwach, kila anapoinama kuokota kitu. Nyumbani kwake wakadhani ni kiti. Wakatia grisi. Sauti haikwisha, wakatia tena, wakabadilisha na beringi. Siku aliyoinama akiwa ameketi kitandani, sauti ikatoka, ndipo wakaelewa kwamba inatoka mgongoni mwake.

Huo unaitwa mgongo wa Charcot, kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeeleza mwaka 1868 jinsi viungo visivyo na fahamu vinavyosagika. Mtu asiyeumia ugwe akikaa vibaya, mgongo humuuma naye hujigeuza. Sisi mgongo wa chini hauna wa kulalamika. Pingili zilizo chini ya mahali palipofungwa vyuma hubeba mizunguko yote na miinamo yote, zinasagana, zinatengeneza uchafu wa mfupa, mwisho zinaachana. Dalili zake ni hizi: sauti ya kusagika unapohama, kushindwa kukaa wima ilhali zamani uliweza, kiuno kubonyea au kutokeza kinundu kipya, kiwiliwili kuonekana kifupi. Wengine miguu iliyokuwa ikikakamaa hulegea ghafla. Wengine presha hupanda kila wanapokaa na kushuka wanapolala.

Kwenye picha mgongo huo hufanana sana na mgongo ulioliwa na kifua kikuu au usaha, na kwetu kifua kikuu cha mifupa kipo kweli. Kwa hiyo daktari akitaka kuchukua kipande cha nyama ya hapo akipime, usikatae. Kinachotakiwa ni jibu la uhakika kabla hujaanza dawa za miezi mingi. Na wewe mwenye sauti hiyo, usiupeleke mgongo wako kwa mchuaji. Pingili zilizoachana hazirudishwi kwa kukandwa, na ngozi isiyosikia huungua kwa maji ya moto na mitishamba iliyochemshwa bila wewe kujua. Jihamishe kwa ubao, uteleze, usijirushe, mpaka upigwe picha.

Vyuma vyenyewe pia huweza kulegea au kukatika baada ya miaka. Kitu kigumu kinachosukuma ngozi kutoka ndani, uwekundu au majimaji kwenye kovu la zamani la upasuaji, ni safari ya hospitali, na kama kuna homa basi ni leo.

Presha yetu si presha yao

Kama uliumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, nunua mashine ya presha, au nenda kwa jirani mwenye nayo, ujue namba yako ya kawaida. Yangu ni 100 kwa 60. Siku moja namba ya juu ilikuwa 148, kichwa kinapasuka, uso unatoka jasho na vinyweleo vimesimama, na pale nilipopelekwa nikaambiwa 148 haitishi kwa mtu wa umri wangu. Kwangu mimi ilikuwa imepanda karibu 50. Ikipanda 20 au zaidi juu ya kawaida yako, pamoja na kichwa na jasho, mwili unalia kwa kitu kinachouumiza chini ya mstari, ambacho wewe hukisikii.

Kaa wima mara moja, miguu ining'inie chini, usilale. Legeza mkanda, viatu, soksi na mfuko wa mkojo. Kagua mpira wa mkojo: umekunjika? umeziba? Kama hutumii mpira wa kudumu, toa mkojo sasa hivi. Kibofu ndicho kisababishi mara nyingi kuliko vyote. Kama si kibofu, angalia choo kigumu, kisha ngozi nzima, kucha iliyozama, kidonda, mfupa uliovunjika. Presha isiposhuka ndani ya dakika chache, nenda hospitali ukiwa umekaa, na mwambie daktari maneno haya: "Nimeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, presha yangu ya kawaida ni kadhaa, hii imepanda kwa sababu ya kitu kinachoniumiza chini." Mimi nimeyaandika kwenye karatasi, nimeitia plastiki, inakaa mfukoni. Na kama hali hii inakujia mara kwa mara bila sababu ya kibofu wala choo, kumbuka kifuko cha maji na mgongo wa Charcot, vyote viwili huweza kuileta.

Kwenda kupiga picha

Kifuko cha maji hakionekani kwa eksirei. Kinaonekana kwa MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, na hapa ndipo fedha za watu wengi hupotea bure, kwa kupiga picha ya mahali palipovunjika tu. Mwombe daktari aandike mgongo mzima pamoja na shingo. Changu kilianzia kwenye pingili ya tano ya kifua, lakini ncha yake ya juu ilikuwa shingoni, na bila picha ya shingo wasingejua kilipofika.

Beba karatasi za upasuaji wa zamani. Vyuma vingi vya kisasa ni vya titani na havizuii MRI, ila vinatia ukungu kwenye picha karibu navyo, na mpiga picha akijua mapema anaweza kurekebisha mashine. Kama hujui chuma chako ni cha aina gani, sema hujui.

Kabla hujapanda mezani, toa mkojo. Kisha omba godoro jembamba au mito chini ya kitokono na visigino. Ile meza ni ngumu, picha ya mgongo mzima huchukua muda mrefu, na wewe huwezi kusema panauma. Mimi nilisafiri usiku kucha kwa basi, nikakaa foleni, nikalala kwenye meza ile, nikarudi nyumbani na picha mkononi na kidonda cha kitokono kilichochukua miezi 2 kupona. Ndani ya basi jinyanyue au egemea pembeni kila robo saa, hata kama jirani yako anachoka. Na sidiria, mikanda na vipande vya chuma kwenye mpira wa mkojo viondolewe vyote.

Kwa Tanzania, mahali nilipoonana na madaktari wa mishipa ya fahamu ni MOI, taasisi ya mifupa iliyo pale Muhimbili, Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Kenya wana hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, Nairobi. Ukifika, usianze na hadithi ya ajali. Fungua daftari kwenye ukurasa wa namba: "Mwaka jana mstari ulikuwa 19, sasa ni 11. Joto limepotea kidole kidogo na cha pete. Karatasi inachomoka mkono wa kushoto." Daktari aliyenipokea alilichukua daftari langu, akalisoma kimya, akaagiza picha siku hiyo hiyo.

Si kila kifuko kinapasuliwa. Kisichokua, kisicholeta dalili mpya, huangaliwa kwa picha za kurudia. Kinachokua hupasuliwa: madaktari huachanisha makovu ili maji yapate njia, au huweka kijibomba cha kuyatoa. Lengo la kwanza ni kuzuia kisiendelee. Mimi nilipasuliwa mwaka 2020. Moto wa shingoni ulipungua ndani ya wiki chache. Karatasi sasa inashikika. Joto la kidole kidogo halikurudi, na daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba kilichokaa muda mrefu bila fahamu huenda kisirudi.

Usingoje mwezi uandame ikiwa mkono unaishiwa nguvu siku hadi siku, sauti yako ya kusema imebadilika, unapaliwa na maji unapokunywa, au pumzi imekuwa fupi ukilala. Hizo ni dalili kwamba kitu kimepanda juu sana. Vilevile goti au paja likivimba na kupata joto baada ya kuhama vibaya, peleka mguu ukapigwe picha leo. Mifupa ya miguu yetu huwa dhaifu tangu miaka ya mwanzo baada ya ajali, huvunjika bila kelele, na uvimbe kama huo huweza pia kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa.

Siku hizi pasi naipima kwa tone la maji kutoka kwenye kijiko. Mwezi huu binti yangu aliandika: kijiti, kulia 19, kushoto 13. Pamba, 19 na 18. Vuguvugu, kidole kidogo cha kushoto hapana, cha pete mara mbili kati ya tatu. Karatasi imeshika pande zote.